Jinsi ya kuweka CMS kwenye tovuti uliyoiandika kwa mkono bila kuibomoa (mwongozo kamili)

Tovuti ya HTML iliyoandikwa kwa mkono ina raha yake, ni nyepesi, inafunguka fasta, na kila mstari unajua umekaa pale kwa nini. Shida inaanza pale mtu wa ofisini asiyejua HTML hata kidogo anapotaka kubadilisha namba ya simu au kuweka tangazo la leo leo, na hawezi mpaka akutafute wewe, na wewe uko bize, na tangazo linakuja kutoka tukio lenyewe limeshapita. Hapo ndo watu wanaanza kuulizia CMS, yaani mfumo wa kusimamia maudhui, ule unaompa mtu dashibodi ya kuingia kwa paswedi yake, anaandika, anahifadhi, kitu kinatokea kwenye tovuti.

Ushauri unaotolewa sana ni huu: weka WordPress, chagua themu (muonekano uliotengenezwa tayari) ya bure, anza upya. Mimi siukubali kama tovuti yako imekaa vizuri. Muonekano unao tayari, wageni wameuzoea, Google inazijua kurasa zako kwa anwani zake, na ile kasi ni mali. Vyote hivyo vinaweza kubaki. CMS ipewe zile sehemu zinazobadilika tu, nyingine uziache zilivyo, na mwongozo huu wote umesimama hapo.

Unatakiwa uwe unajua HTML na CSS, uweze kuingia kwenye seva yako kwa FTP (njia ya kupandisha na kushusha faili) au cPanel (dashibodi ya hosting), na usiogope ukiona mistari michache ya PHP, lugha inayoendeshwa na seva yenyewe.

## Hatua ya 1: Hesabu ulichonacho kabla ya kugusa chochote

Fungua lahajedwali au hata daftari la kawaida, pitia kila ukurasa wa tovuti, andika anwani yake kamili kama inavyoonekana kwenye brauza, halafu pembeni andika ni nini kinabadilika pale, nani anakibadilisha na mara ngapi. Kama kurasa ni nyingi tumia programu ya kutambaa kwenye tovuti, Screaming Frog kwa mfano toleo lake la bure linasoma mpaka anwani 500, zinatosha kabisa kwa tovuti nyingi za mkono. Ongezea na orodha ya Search Console, huduma ya Google inayoonyesha kurasa zako kwenye utafutaji, maana kuna kurasa za zamani hazina linki popote ndani ya tovuti ila watu bado wanaingia kupitia utafutaji.

Ukimaliza utaona kila kitu kinaangukia kwenye makundi matatu. Kuna visivyobadilika kabisa, kama historia ya taasisi au masharti ya matumizi. Kuna vinavyobadilika kimoja kimoja, namba ya simu, saa za kazi, bango la ukurasa wa mbele. Halafu kuna vinavyojirudia kwa umbo lilelile: habari, bidhaa, matukio, wafanyakazi, picha za maktaba. Kundi hili la tatu ndo linaloamua kama unahitaji CMS na ya aina gani. Kama huna chochote kinachojirudia na namba ya simu inabadilika mara moja kwa miaka miwili, basi CMS ni mzigo tu, iache, ibadilishe kwa mkono.

Sasa chukua kimoja kwenye kundi la tatu ukivunje vipande. Mfano ukurasa wa wafanyakazi. Kwenye HTML yako kila mtu ana kisanduku chake chenye picha, jina, cheo na maelezo ya sentensi mbili. Kwenye CMS hizo ziwe sehemu nne tofauti za kujaza: picha, jina, cheo, maelezo. Kosa linalorudiwa sana ni kuuchukua ukurasa mzima na kuutia ndani ya boksi moja kubwa la kuandikia, halafu mhariri anaingia kumtoa mtu aliyehama, anafuta na `</div>` moja bila kujua, na mpangilio wote unaporomoka mpaka chini ya ukurasa. Akiwa na sehemu za kujaza hana njia ya kuharibu umbo, umbo linabaki kwenye templeti, yaani faili la umbo la ukurasa, mikononi mwako, yeye anashika maneno na picha. Ukiichora hii orodha ya sehemu vizuri nusu ya kazi imekwisha, kwa hiyo usiharakishe hapa.

## Hatua ya 2: Chagua CMS kwa kuangalia seva na orodha yako

Swali la kwanza ni seva yako inaendesha nini. Hosting nyingi za kawaida zina PHP na databesi ya MySQL, kwa hiyo mlango uko wazi. Kama tovuti iko kwenye huduma inayotoa faili za HTML tu kama GitHub Pages, PHP hakuna, na njia yako ni nyingine, nitaieleza.

WordPress imeanza 2003, inatumia PHP na MySQL, na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote zinaitumia, maana yake ukikwama kuna mtu ameshakwama hapohapo na jibu lipo. Inafaa pale vinavyojirudia ni vingi, wahariri ni zaidi ya mmoja, na unategemea tovuti ikue. Gharama yake ni kuisasisha kila mara, WordPress yenyewe na plagini zake (programu ndogo za nyongeza), hilo halina msamaha.

CouchCMS haijulikani sana ila kwa kazi hii mahususi ni kama imetengenezwa kwa ajili yako, kwa sababu inachukua kurasa zako za HTML kama zilivyo, wewe unazungushia tagi zake kwenye maneno unayotaka yabadilike, basi. Nayo inataka PHP na MySQL. Kwa tovuti ya kurasa kumi au ishirini mimi naiangalia hii kwanza.

Grav na Kirby hazitumii databesi, maudhui yanakaa kwenye faili za maandishi. Grav ni ya bure, Kirby inalipiwa leseni. Zote zinataka uandike templeti upya kwa mtindo wao.

Decap CMS, ambayo mpaka 2023 ilikuwa ikiitwa Netlify CMS, inafanya kazi juu ya Git, mfumo unaotunza historia ya kila badiliko la faili. Mhariri anaandika kwenye dashibodi, maandishi yanahifadhiwa kama faili ndani ya hazina ya Git, halafu programu ya kujenga kurasa kama Eleventy, Hugo au Jekyll inayageuza kuwa HTML. Hii ndo njia ya wale wasio na PHP.

Kuna Strapi na Directus pia, hizi zinashika maudhui tu na kuyatoa kwa API (mlango ambao programu nyingine zinachukulia data), muonekano unautengeneza wewe kwa kodi yako. Ni nzuri kama maudhui hayohayo yanaenda kwenye tovuti na kwenye programu ya simu, lakini kwa tovuti ya kawaida ni kujiongezea seva ya pili ya kulea bila sababu. Drupal na Joomla zina nguvu, ila kuingiza tovuti ndogo ndani yake ni kazi kubwa kuliko faida.

## Hatua ya 3: Bekapu na nakala ya kufanyia kazi

Shusha tovuti nzima kwa FTP, folda lote, pamoja na faili la `.htaccess` (lenye maelekezo kwa seva) ambalo programu nyingi za FTP zinalificha mpaka uwashe kuonyesha faili zilizofichwa. Zipu, weka sehemu mbili. Kama unajua Git, anzisha hazina hapohapo na uweke hali ya kwanza kabla hujabadilisha herufi moja.

Halafu tengeneza mazingira ya majaribio kwenye kompyuta yako, XAMPP inatosha, inakuja na Apache, PHP na databesi kwa pamoja. Ukitaka wengine waione ukiwa unaendelea, weka kwenye domeini ndogo ya majaribio na uifunge kwa paswedi ya seva. Usitegemee kuiambia Google isiisome tu, paswedi ndo inaziba kweli.

## Hatua ya 4: Safisha vinavyojirudia kwenye HTML yako

Watu wanairuka hii wakija kukwama hawajui kwa nini. Tovuti ya mkono iliyokaa miaka kadhaa ina sehemu ya juu, nembo na menyu, iliyonakiliwa kwenye kila faili, na nakala hizo hazifanani tena. Ukurasa mmoja una linki mpya kwenye menyu, mwingine hauna, wa tatu una faili la CSS la ziada ambalo hakuna anayekumbuka kazi yake. Kabla ya CMS zifananishe. VS Code ina uwezo wa kulinganisha faili mbili, bonyeza faili la kwanza kitufe cha kulia uchague la kulinganishwa, halafu la pili, itakuonyesha mistari inayotofautiana kwa rangi. Amua toleo sahihi ni lipi, liweke kila ukurasa.

Kisha kata vipande: sehemu ya juu kuanzia `<!DOCTYPE html>` mpaka mwisho wa menyu iende `juu.php`, sehemu ya chini mpaka `</html>` iende `chini.php`, na ukurasa wenyewe ubaki na kilicho katikati tu. Badilisha jina kutoka `kuhusu.html` kuwa `kuhusu.php` na uziite hivi:

```
<?php include 'juu.php'; ?>
   ... maudhui ya ukurasa ...
<?php include 'chini.php'; ?>
```

Fungua kila ukurasa kwenye XAMPP, hakikisha unaonekana kama zamani. Ukifika hapa tovuti yako tayari ni templeti, na CMS yoyote ya PHP utakayoichagua itaingia kirahisi. Kuna watu wakifika hapa wanagundua kwamba hili tu ndo walikuwa wanalihitaji, menyu inabadilishwa sehemu moja na inatokea kote, na wanasimama. Ni uamuzi mzuri kabisa.

## Hatua ya 5, njia ya kwanza: CouchCMS

Hatua hii ina njia nne, fuata moja tu kulingana na ulichochagua. Kwa CouchCMS, pakua, fungua zipu, weka folda la `couch` kwenye mzizi (folda kuu) wa tovuti yako. Ndani yake kuna faili la mipangilio la mfano, libadilishe jina liwe `config.php`, ujaze jina la databesi, mtumiaji na paswedi yake. Databesi unaitengeneza kwenye phpMyAdmin (chombo cha kusimamia databesi) au cPanel kabla. Fungua `/couch/` kwenye brauza, itakuuliza jina na paswedi ya msimamizi, imemaliza kujisimika.

Sasa kwa kila ukurasa unaotaka uhaririwe, mstari wa kwanza kabisa uwe huu:

```
<?php require_once( 'couch/cms.php' ); ?>
```

na wa mwisho kabisa huu:

```
<?php COUCH::invoke(); ?>
```

Katikati hapo zungushia unachotaka kibadilike:

```
<h1><cms:editable name='kichwa' type='text'>Karibu</cms:editable></h1>
<cms:editable name='maelezo' type='richtext'>
   <p>Maneno yako ya zamani yanabaki hapa.</p>
</cms:editable>
```

Fungua ukurasa huo kwenye brauza ukiwa umeingia kama msimamizi, hilo ni la lazima maana ndo wakati Couch inasoma tagi mpya na kuziandikisha. Ukirudi kwenye dashibodi utakuta ukurasa umetokea na sehemu mbili za kujaza, zikiwa na maneno yaleyale ya zamani. Yaani kuhamisha maudhui kumejifanya kwenyewe.

Kwa vinavyojirudia unaifanya templeti, mfano `habari.php`, iwe ya kuzalisha kurasa nyingi:

```
<cms:template title='Habari' clonable='1'>
   <cms:editable name='muhtasari' type='textarea' />
   <cms:editable name='picha' type='image' />
   <cms:editable name='habari_kamili' type='richtext' />
</cms:template>
```

na kwenye ukurasa wa mbele unaziita tano za mwisho hivi:

```
<cms:pages masterpage='habari.php' limit='5'>
   <h3><a href="<cms:show k_page_link />"><cms:show k_page_title /></a></h3>
   <p><cms:show muhtasari /></p>
</cms:pages>
```

Angalia kwamba `<h3>` na `<p>` ni zako, darasa za CSS ni zako, Couch haikuongezei HTML usiyoitaka. Hiyo ndo sababu naipenda kwa kazi hii.

## Hatua ya 5, njia ya pili: kugeuza HTML yako kuwa themu ya WordPress

Themu ya WordPress ya mtindo wa zamani (classic) inahitaji faili mbili tu, `style.css` na `index.php`. Tengeneza folda ndani ya `wp-content/themes/`, kwenye `style.css` juu kabisa weka maoni yenye `Theme Name:` na jina lolote, tayari WordPress inaiona. Halafu gawanya: `juu.php` yako inakuwa `header.php`, `chini.php` inakuwa `footer.php`, ukurasa wa mbele `front-page.php`, kurasa za kawaida `page.php`, habari moja moja `single.php`. Kwenye kila templeti unaanza na `get_header()` na kumaliza na `get_footer()`, katikati unaweka mzunguko wa WordPress pale maneno yalipokuwa:

```
<?php while ( have_posts() ) : the_post(); ?>
   <h1><?php the_title(); ?></h1>
   <?php the_content(); ?>
<?php endwhile; ?>
```

Kabla ya `</head>` lazima pawe na `wp_head()` na kabla ya `</body>` pawe na `wp_footer()`. Ukizisahau plagini nyingi hazifanyi kazi na ule mstari mweusi wa msimamizi hautokei, na utahangaika kutafuta kosa kwenye plagini wakati liko kwako.

Sasa mambo manne ambayo kila tovuti ya mkono inakutana nayo.

La kwanza ni njia za picha. Kwenye HTML yako umeandika `src="images/nembo.png"` na ilikuwa inafanya kazi. Kwenye WordPress ukurasa wa kuhusu una anwani `/kuhusu/`, kwa hiyo brauza inaenda kutafuta `/kuhusu/images/nembo.png`, haipo, picha inakufa. Cha kuchanganya ni kwamba kama folda la `images` bado liko kwenye mzizi, ukurasa wa mbele picha zinaonekana vizuri, unadhani umemaliza. Mbele ya kila njia ya picha za themu weka `<?php echo get_template_directory_uri(); ?>/` na itakaa sawa kila ukurasa. Picha zinazoitwa kutoka ndani ya CSS usiziguse, zile zinahesabu njia kuanzia kwenye faili la CSS lenyewe, mradi folda la CSS na folda la picha zimekaa kwa mpangilio uleule.

La pili ni JavaScript ya zamani. WordPress inaleta jQuery yake ikiwa kwenye hali ya kutogombana na maktaba nyingine, maana yake alama ya `$` haipo. Slaidi zako zitagoma na konsoli ya brauza itasema `$ is not a function`. Zungushia kodi yako hivi:

```
jQuery(function($){
   // kodi yako ya zamani
});
```

La tatu menyu. Ukitumia `wp_nav_menu()` ili mhariri aweze kupanga menyu mwenyewe, ukurasa uliopo utapewa darasa la `current-menu-item`, wakati CSS yako inajua `active`. Ongeza tu jina la pili kwenye kanuni yako ya CSS.

La nne fomu, na hili linaumiza vichwa kweli. Ukihamisha fomu yako ya mawasiliano yenye `<input name="name">` na kuituma kwenye ukurasa wa WordPress, utapata ukurasa haujapatikana, 404, wakati ukurasa upo na unafunguka vizuri kabla ya kutuma. Sababu ni kwamba `name` ni neno ambalo WordPress inalitumia yenyewe kutafutia makala, vilevile `year` na `day`. Badilisha liwe `jina_lako`, shida imekwisha. Au tumia plagini ya fomu kama Contact Form 7 uachane na kuandika mwenyewe.

Kwa vile vipande vya wafanyakazi au bidhaa, andikisha aina mpya ya maudhui kwa `register_post_type()` kwenye `functions.php`, na uongeze sehemu za kujaza kwa plagini ya Advanced Custom Fields. Ukishaandikisha aina mpya nenda kwenye mipangilio ya anwani za kudumu ubonyeze hifadhi bila kubadilisha kitu, la sivyo kurasa zake zitaleta 404.

Na kuna faida moja kubwa ya WordPress kwenye kazi hii ambayo sioni ikisemwa sana. Kanuni zake kwenye `.htaccess` zinaangalia kwanza kama faili lililoombwa lipo kweli kwenye seva, kama lipo linatolewa lenyewe, WordPress haiingilii. Kwa hiyo unaweza kuisimika kwenye mzizi wa tovuti huku faili zako za `.html` zikiwa palepale na zinafunguka kama kawaida, ukahamisha ukurasa mmoja mmoja, wiki hii habari, mwezi ujao wafanyakazi. Seva nyingi zinaitanguliza `index.html` kabla ya `index.php`, hivo hata ukurasa wa mbele wa zamani unabaki mpaka siku utakapoutoa. Jaribu kwanza kwenye nakala, maana mpangilio huo wa kutanguliza unategemea seva imewekwaje.

## Hatua ya 5, njia ya tatu: habari tu ndo ziingie CMS

Kama orodha yako ya hatua ya 1 imeonyesha kinachobadilika ni habari peke yake, simika WordPress kwenye folda `/habari/`, itengenezee themu yenye sehemu ya juu na ya chini za tovuti yako, tovuti nyingine usiiguse. Ukitaka vichwa vya habari vitokee ukurasa wa mbele wa HTML, WordPress inatoa habari zake kwa JSON (data iliyopangwa ambayo JavaScript inaisoma kirahisi) kwenye `/habari/wp-json/wp/v2/posts?per_page=3`, JavaScript ya mistari michache inavichukua na kuvipanga. Kwa taasisi nyingi ndogo hii inatosha, na ni kazi ya muda mfupi sana ukilinganisha na zile mbili za juu.

## Hatua ya 5, njia ya nne: hakuna PHP

Hapa unahamisha kurasa kwenda Eleventy au Hugo kwanza, sehemu ya juu na ya chini zinakuwa templeti, kila habari inakuwa faili la Markdown (maandishi yenye alama rahisi za mpangilio) lenye vichwa vyake juu. Halafu unaongeza folda la `admin` lenye faili mbili, `index.html` inayoita Decap, na `config.yml` inayotaja sehemu za kujaza. Kwenye `config.yml` nafasi mwanzoni mwa mistari zina maana, tumia spesi, usitumie tabu. Kitakachokuchosha ni namna ya kumwingiza mhariri, anahitaji uthibitisho unaopitia GitHub au huduma nyingine ya Git, lipange hilo kabla hujamuahidi mtu dashibodi. Zawadi yake ni kwamba tovuti inabaki faili za HTML tu, hakuna databesi mtandaoni ya kushambuliwa, na kila badiliko lina historia.

## Hatua ya 6: Hamisha maudhui

Chini ya kurasa thelathini nakili kwa mkono, usitafute hati ya kuhamisha, utatumia muda mrefu kuiandika kuliko kunakili. Bandika bila mapambo, Ctrl+Shift+V, ili rangi na fonti za zamani zisiingie. Databesi iwe `utf8mb4` na faili zako za zamani ziwe UTF-8, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, vinginevyo alama za nukuu na herufi zenye alama juu au chini yake, kama é, zitageuka vituko. Picha ziandikie maelezo mbadala sasa hivi ukiwa unazishika moja moja.

## Hatua ya 7: Anwani za zamani zisife

Hapa ndo kwenye roho ya kazi yote, kwa sababu muonekano ukikosea unarekebisha kesho, lakini anwani ikifa linki zote zilizokuwa zinaelekea kwako kutoka tovuti nyingine zinaishia ukutani na Google inaanza kuitoa. Chukua lile daftari la hatua ya 1, mbele ya kila anwani ya zamani andika mpya. Kama unaweza kuibakiza ileile, ibakize. Isipowezekana, weka uelekezaji wa kudumu, 301:

```
RewriteEngine On
RewriteRule ^kuhusu\.html$ /kuhusu/ [R=301,L]
RewriteRule ^huduma/ushauri\.html$ /ushauri/ [R=301,L]
```

Kwenye WordPress mistari hii ikae juu ya `# BEGIN WordPress`, kwani kilichomo kati ya `BEGIN` na `END` WordPress inakiandika upya yenyewe na yako itafutika. Usielekeze kila kitu kwenye ukurasa wa mbele kwa mkupuo, mtu aliyekuja kutafuta ripoti akatupwa mwanzoni anaondoka, na Google inauchukulia kama ukurasa uliokosekana. Kama hakuna ukurasa wa kuurithi, acha ulete 404 yenye menyu na sehemu ya kutafuta. Ukimaliza bandika kila anwani ya zamani kwenye brauza uone inakufikisha wapi. Zote, hata kama ni mia.

## Hatua ya 8: Kwenda hewani

Chagua saa ambayo wageni ni wachache. Chukua bekapu mpya, pandisha faili, ingiza databesi. Kwenye WordPress anwani ya majaribio imejificha ndani ya databesi sehemu nyingi, na usiibadilishe kwa kutafuta na kubadilisha kwenye faili la SQL, kuna data imehifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake, ukibadilisha anwani idadi haiendani na mipangilio inapotea. Tumia WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi, amri ni `wp search-replace`, yenyewe inazirekebisha hizo idadi.

Angalia kwenye mipangilio ya usomaji kwamba ile alama ya kuzuia injini za utafutaji imeondolewa, HTTPS inafanya kazi kila ukurasa, fomu inafikisha barua pepe kweli, na tovuti inakaa vizuri kwenye simu. Pima kasi kabla na baada. Ikishuka sana, angalia plagini kwanza, kisha washa kashe, yaani nakala za kurasa zinazohifadhiwa tayari ili zifunguke haraka.

Usalama usiuahirishe. Mhariri apewe nafasi ya mhariri, usimamizi ubaki kwako, kila mtu na akaunti yake, paswedi ndefu, uthibitisho wa hatua mbili kwa msimamizi. Bekapu ya faili na databesi ijiendeshe yenyewe na ihifadhiwe nje ya seva hiyo. Ile tovuti ya HTML ilikuwa inaweza kukaa miaka bila kuguswa, hii mpya inataka sasisho, kwa hiyo mkubaliane mapema na mwenye tovuti ni nani anafanya na kwa malipo gani.

## Hatua ya 9: Mkabidhi mhariri

Kaa pembeni yake, mpe kazi ya kweli, aweke habari yenye picha toka mwanzo mpaka mwisho, na usimsaidie mpaka akuulize. Pale anaposita ndo pa kurekebisha, jina la sehemu ya kujaza halieleweki, au picha ya simu ni kubwa mno na inavunja mpangilio. Majina ya sehemu yaandike kwa lugha anayoitumia kazini, ficha menyu za dashibodi asizozihitaji. Muandikie ukurasa mmoja wa maelekezo wenye picha za skrini, na mwambie ukubwa wa picha unaotakiwa kwa pikseli.

Mwezi wa kwanza ingia Search Console kila wiki uangalie ripoti ya kurasa zisizopatikana, zitajitokeza anwani ambazo hazikuwemo kwenye daftari lako, ziongezee uelekezaji. Faili za zamani za `.html` zitoe kwenye seva baada ya hapo, maana zikibaki kuna siku mtu atafungua ukurasa wenye namba ya simu ya zamani na kuipiga.